Mkono Ulionisugua Miguu

Katika makanisa matano ya Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, nimesimama mbele ya watu nikasimulia kitu ambacho hakikutokea. Sikuwa nadanganya. Nililia machozi ya kweli, watu wakapiga vigelegele vya kweli, na mume wangu, aliyekaa mstari wa mbele, akainamisha kichwa kama bwana harusi. Nayaandika haya sasa, nikiwa nimepona kiasi cha kupona kwangu, kwa ajili ya yeyote aliyeugua ubongo akarudi nyumbani na shimo katikati ya siku zake. Lakini zaidi nawaandikia wanaomuuguza, kwa sababu ninyi ndio mtakaolijaza shimo hilo.

Jina langu ni Faila. Nilizaliwa Kivu Kusini, upande wa ziwa, na nimeishi Nakivale miaka kumi na mmoja. Mimi na mume wangu Wilondja hatukujaliwa mtoto. Niliyemlea ni mdogo wangu Apolina, ambaye mama alituachia akiwa bado hajaota magego. Kabla ya ugonjwa nilikuwa nauza ndagala katika soko la Base Camp, zile dagaa kavu ambazo Mkongo akizikosa wiki moja hujiona amekuwa mkimbizi mara ya pili. Kanisani nilikuwa shemasi wa akina mama. Ushemasi huo uwekeni akilini, maana uliniponza kabla hata ya homa.

Homa yenyewe ilikuja mwisho wa masika, mahindi yakianza kukauka shambani. Kichwa kiliniuma siku tatu. Siku ya nne nilimpimia mteja ndagala, nikampimia tena, nikampimia mara ya tatu, naye akazipokea zote bila kusema neno. Mungu anamjua. Kisha nikaangukia vikapu vyangu, na hapo ndipo kamba inapokatika.

Niliambiwa kwamba nililazwa hospitali ya Mbarara siku ishirini na moja. Niliambiwa nilitupa mikono na miguu, nikauma ulimi, nikamwita muuguzi kwa jina la marehemu mama. Mimi mwenyewe nimebaki na vipande vitatu tu. Cha kwanza ni ladha ya uji wa mtama uliokamuliwa ndimu. Cha pili ni mwanga wa dirisha upande wa kushoto. Cha tatu ni mkono uliokuwa ukinisugua nyayo, dole gumba likitoka kisiginoni taratibu mpaka vidoleni, likarudi. Mkono huo haukuwa na uso.

Nilirudi nyumbani kiangazi kikiwa kimeshika. Nywele zilikuwa zimenyolewa, mkono wa kushoto haukuweza kubana kifungo, na ngozi ya nyayo ilibambuka kama maganda ya vitunguu. Hayo yote watu waliyaona wakanionea huruma. Lililowachosha ni lile wasiloliona. Neno jipya lilikuwa halikai kichwani. Nilitia chumvi kwenye maharagi mara tatu. Nilimsalimia jirani yangu asubuhi, baada ya kitambo nikamsalimia tena, nikamuuliza habari za mtoto wake mgonjwa ambaye alishapona. Mwanzoni alicheka. Baadaye akawa anapitia njia ya nyuma kwenda kuchota maji. Simlaumu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nitawaambia upweke wa ugonjwa huu ulivyo. Si kwamba watu hawaji kukuona. Walikuja, niliambiwa walikuja, walileta ndizi na sabuni wakaniombea. Lakini ikifika jioni nilikuwa mtu ambaye hajatembelewa na yeyote. Nilikaa mlangoni nikiwanung'unikia watu waliotoka kwangu saa moja iliyopita.

Ya zamani nilikuwa nayo yote, na hata hilo lilikuwa adhabu. Niliikumbuka vizuri Jumapili niliyosoma jina la Apolina. Alikuwa akipika kasiksi, pombe ya ndizi, na kuiuza nyumbani kwake, na kanisa letu halina mchezo na pombe. Anayekutwa huwekwa chini ya nidhamu: haimbi kwaya, hagusi meza ya Bwana, hukaa benchi la nyuma karibu na mlango mpaka wazee wamrudishe. Majina ya akina mama husomwa na shemasi wao. Nililisoma lake kwa sauti ile ile niliyosomea mengine, na nilijivunia kwamba sauti haikutetemeka. Tangu siku hiyo hakunisemesha. Kwa hiyo niliporudi kutoka hospitali nikaona hayupo karibu yangu, sikushangaa. Nilijua kwa nini, na nilimwekea kinyongo.

Kuelekea mvua za vuli, baada ya kliniki ya pili, dawa zilianza kufanya kazi na mambo mapya yakaanza kushika, moja leo, moja kesho kutwa. Ndipo Mama Mchungaji alipokuja kuniandaa kwa ushuhuda. Kwetu mtu hatoki kaburini akakaa kimya. Lazima asimame mbele, aseme Mungu alimtendea nini na kwa mikono ya nani, na kila aliyetajwa hupigiwa vigelegele vyake. Kwa kuwa kichwa changu hakikuaminika, tuliandika kwenye karatasi. Nilisoma kwamba kanisa lilifunga na kuomba. Nikasoma kwamba mwenye pikipiki alinipeleka kwenye zahanati nikiwa nimefungwa mgongoni mwake kwa kamba ya mbuzi. Nikasoma kwamba mume wangu Wilondja alilala sakafuni kando ya kitanda changu siku ishirini na moja, akanilisha uji na kunisugua miguu.

Mara ya kwanza nilisoma tu, kama nasoma barua ya mtu mwingine. Kanisa la Rubondo likanialika, nikasoma tena. Juru wakanialika. Mara ya tatu sikuhitaji karatasi. Mara ya nne nilimwona Wilondja kabisa, amejikunja kwenye mkeka kwa koti lake la kahawia, na nikaona vumbi kwenye nywele zake. Mara ya tano ule mkono ukapata uso. Nilipokuwa nasema "akanisugua miguu" nilihisi pete yake ikikwaruza unyayo wangu, nikashindwa kuendelea kwa kilio. Akina mama walinishika mabega. Kwa miezi ile nilimpenda mume wangu kuliko siku ya ndoa, na nilimchukia mdogo wangu kuliko siku nyingine yoyote.

Kliniki ya tano iliangukia mvua zilipokuwa zinaisha. Waliowahi kungoja kliniki Mbarara wanalijua lile benchi. Unafika kabla jua halijachoma, unaweka kadi yako juu ya kadi za wenzako, kisha unakuwa mtu wa kusogea. Mmoja akiitwa, wote mnasogea tako moja. Mama mmoja wa makamo alisogea mpaka akanifikia, akanitazama usoni, akapiga makofi.

"Nyabo, mimi najua wewe! Wewe ile ya kitanda ya dirisha. Mungu mkubwa, iko natembea!"

Nilimwambia anisamehe, sikumkumbuka. Akaniambia anatoka Nyamitanga, hapo hapo Mbarara, na kwamba mama yake mzazi alikuwa kitanda cha pili kutoka changu. "Yeye alikufa, lakini tulizika yeye muzuri. Sasa ile dada yako iko wapi? Kila siku mimi nauliza moyo yangu, ile dada ilienda wapi?"

"Hakuna dada aliyekuja," nikamwambia. "Aliyeniuguza ni mume wangu."

"Bwana?" Alicheka kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Bwana mimi naona mara mbili tu. Ile mrefu, ya koti. Mimi nasema dada. Ile ya pengo hapa." Akagusa meno yake ya mbele. "Ile ilikata kitenge yake vipande vipande kufunga wewe, sababu wewe ulikuwa nakojoa kama mtoto. Kitenge ya ndege, mpya kabisa. Mimi nalia sababu ilikuwa kitenge nzuri."

Nilikasirika. Nilimwambia amemkosea mgonjwa, kwamba kitanda cha dirisha kililaliwa na wengi. Aliona nimechafuka, akasogea mbele. Lakini nyumbani nina vipande vinne vya kitenge cha kasuku, vilivyopindwa kwa mkono, ambavyo nafunikia ndagala zangu. Nilidhani ni mabaki niliyowahi kuyapata kwa fundi. Na mwenye pengo la meno ya mbele, katika watu wangu wote, ni Apolina.

Nilipoitwa ndani sikungoja kuulizwa hali. Nilimwambia daktari, "Kuna mtu mwongo kati yangu na yule mama wa kwenye benchi. Nataka kujua ni nani." Daktari wetu ni binti mdogo wa Kamukuzi, Kiswahili chake alikiokota kambi ya jeshi kwa baba yake mwanajeshi. Alisikiliza mpaka mwisho, na foleni ile nje.

"Mama, hakuna mwongo," akasema. "Kumbukumbu si picha iko ndani ya sanduku. Ni kazi. Kitu ikifanyika, seli za kichwa zinashikana, zinatengeneza protini mpya, ndiyo inakaza ile fundo. Bila protini, kesho imepotea. Wewe ulipougua, hiyo kazi ilikufa, hakuna kitu ilikazwa."

"Lakini mume wangu ninamwona."

"Unaona, sababu ulisema. Sikia. Hata fundo ya zamani, ukiitoa nje kukumbuka, inalegea. Kwa masaa fulani iko laini. Halafu kichwa lazima ijenge protini tena, ikaze tena. Na ikikaza, inakaza pamoja na kitu ya leo: maneno ya watu, kilio, makofi. Wewe ulikuwa na mkono peke yake. Mara tano umetoa huo mkono, mara tano umerudisha na bwana yako."

"Basi niitoe pete, nimrudishe wa kweli."

Alinirudishia kadi yangu. "Ile ya kweli sijui kama ilikazwa kabisa, mama. Pole."

Alisema na mengine ambayo sikuyashika, na sitajifanya niliyashika. Lakini mimi ni mtu wa nyumba ya miti na udongo. Kila kiangazi nyumba zetu hukandikwa upya, la sivyo mvua itaingia na kukusalimia kitandani. Na yeyote aliyekandika anajua kwamba udongo mpya haushiki juu ya ukuta mkavu. Kwanza unaulowesha ukuta wa zamani mpaka ulainike, ndipo unapaka. Ukikauka, huwezi tena kutenganisha wa mwaka jana na wa mwaka huu, na alama za vidole zinazoonekana ni za aliyepaka mwisho. Nilitoka pale nimeelewa kitu kimoja: nilikuwa nimeukandika ukuta wa mdogo wangu kwa mikono ya mtu mwingine.

Nyumbani nilianza na karatasi ya ushuhuda. Ilikuwa ndani ya Biblia, imechakaa kwenye mikunjo. Mstari wa sita, baada ya neno "akanisaidia", kulikuwa na jina limefutwa kwa mstari mmoja mnyoofu. Chini ya mstari huo Apolina alisomeka bila taabu; jina lilipotoka, siku zote za sakafuni zilimwangukia Wilondja, aliyetajwa juu yake. Nilikuwa nimelipita jina hilo kwa macho yangu mbele ya makanisa.

Nilimpelekea Mama Mchungaji karatasi, nimejaa hasira. Alikuwa anachambua mchele uani. Aliitazama, akaweka ungo chini.

"Njo miye, ni miye nilifuta," akasema. "Lakini nilifuta mbele yako, Mama Shemasi. Bwana yako alimutaja Apolina, miye nikaandika. Kisha nikakuuliza: huyu iko chini ya nidhamu, tutamutaja namna gani ku mazabahu? Weye mwenyewe ulisema, sheria ni sheria, futa."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema mara mbili. Nilizania unakumbuka."

Hayupo mtu Nakivale ambaye angesema maneno hayo isipokuwa mimi. Ugonjwa ulikuwa umenila siku zangu, nywele zangu na nguvu za mkono, lakini ukali wangu haukuugusa. Nililia njiani, na waliopishana nami walidhani ni ile hali yangu.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata Wilondja shambani. Alikuwa anapalilia maharagi. Nilimuuliza, "Baba, ulilala hospitali siku ngapi?"

"Unajua. Siku makumi mbili na moja." Alisema bila kuinua jembe. "Ile sakafu ilikuwa baridi, Faila. Ata leo mbavu yangu inaikumbuka."

"Na mahindi yetu msimu ule alivuna nani?"

Jembe likasimama. Alinitazama, kisha akatazama shamba, kama mahindi yale bado yapo. Nikamwona anahesabu kwa midomo. Siku za kwanza alibaki kulinda mahindi yasiibiwe, maana ndiyo yangetulisha. Alikuja Mbarara mara ya kwanza akalala usiku mmoja. Alikuja mara ya pili kunichukua. Nilimwona akiyafikia hayo moja moja, na uso wake ukazeeka.

"Usiku moja," akasema. "Lakini miye... naona ziko mingi. Haki ya Mungu, Faila, naziona."

Yeye hakuugua kitu. Ubongo wake ni mzima kama wa punda. Alikaa mstari wa mbele mara tano, akasikia, na kila akisikia usiku mmoja ulizaa mwingine. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya mtu anayeamini haina mwisho.

"Kwa nini hukuniambia kwamba Apolina alikuwa kule?"

"Nilikuambiaka. Ulipotoka tu, nilikuambia mara mingi. Kila nikitaja Apolina, unalia, unasema nimemusoma jina, nimemusoma jina. Kesho umesahau, nikisema unalia upya. Nikaona ni kukuua. Nikaacha."

Alikaa chini kwenye matuta. Nikakaa mbali naye kidogo. Hatukugombana, ingekuwa afadhali tungegombana. Kila mmoja wetu alikuwa amempoteza yule mume wa sakafuni, na hatukuweza kufarijiana, maana yeye ndiye aliyekuwa hajawahi kuwepo.

Apolina nilimpata kliniki ya sita. Nilikuwa nimesikia anafua nguo za watu Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, nikatoka hospitali nikauliza nyumba kwa nyumba. Nilimkuta uani kwa tajiri wake, mikono ndani ya beseni, mashuka ya watu yakivuja maji kwenye kamba. Aliniona. Aliendelea kukamua shuka mpaka likaisha maji, akalitundika, ndipo akasema:

"Yaya. Umenona."

Ametuita hivyo sisi wakubwa wake tangu utoto, yaya, na sikuwa nimelisikia mdomoni mwake tangu ile Jumapili. Nilipiga magoti kwenye maji ya sabuni. Akanivuta kwa kwapa kunisimamisha, kwa haraka, kama aliyezoea kuninyanyua.

"Apana fanya vile. Batu ba hii nyumba watasema nini?"

Nilimwambia yote: mama wa Nyamitanga, kitenge, karatasi, daktari. Nikamwambia kwamba sikumbuki hata kidogo, kwamba nikifumba macho ni Wilondja na pete. Nikamwomba anisimulie siku zile ishirini na moja, neno kwa neno, nizikariri, nikazitoe upya mbele ya kanisa.

Alikataa kabla sijamaliza. "Ile siku ya kwanza ya ushuhuda yako nilikuja," akasema. "Sikuingia, nilisimama inje ku dirisha. Nikasema moyoni, leo yaya atanitaja, na wataniita nitoke ku benchi ya nyuma. Nikasikia jina ya bwana yako. Nikasikia jina ya Muchungaji. Ata ule mwenye pikipiki na kamba yake ya mbuzi, nikasikia. Nikangojea yangu mpaka mulifunga sala."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Hukumbuki." Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Leo nikikuambia, utaisema kule mbele mara tano, utalia, utaniona na miye. Lakini itakuwa ya mudomo tu, kama ile ya bwana yako. Zile siku ni zangu, yaya. Miye peke yangu njo niko nazo. Acha zikae fasi ziko."

Alinipa chai. Nikamsaidia kukunja mashuka kwa mkono wangu mmoja na nusu. Wakati wa kuondoka nilimuuliza kama atakuja nyumbani kiangazi kutusaidia kukandika, kama zamani. Akasema ataona. Jibu hilo nalijua. Ndilo nililokuwa nikimpa akiwa mtoto nikitaka aniache.

Mama Mchungaji alinishauri ningoje wazee wakae waamue kama jina linaweza kutajwa. Nilingoja Jumapili tatu. Ya nne, ulipofika wakati wa shuhuda, nilinyanyuka kwenye kiti changu cha mashemasi. Watu wakaanza kujiandaa kwa vigelegele, nadhani walitaka ile ya pete. Badala ya kwenda mbele nilikwenda nyuma, nikakaa benchi la karibu na mlango. Niliongea kutoka pale, bila kipaza sauti.

"Ushuhuda wangu una kosa," nikasema. "Aliyenilisha uji na kunisugua miguu ni Apolina, mtoto wa mama yangu. Sikumbuki. Nimeambiwa. Nilipoulizwa tumtaje, nilisema afutwe, na hilo pia nimeambiwa."

Hapakuwa na kigelegele hata kimoja. Kwaya ikaanza wimbo kabla ya zamu yake. Wilondja alikaa kitambo kule mbele peke yake, kisha akaja akakaa benchi la nyuma, si karibu nami sana. Tangu siku hiyo sijaalikwa kanisa lolote, na ushemasi wamempa mwingine. Wapo wanaosema ugonjwa umerudi. Nawaelewa, ile hadithi ya sakafuni ilikuwa nzuri, nami nimewaharibia.

Daktari alinipa ushauri ambao nawapa na ninyi. Nunua daftari. Ukurasa wa kushoto andika uliyoambiwa, na aliyekuambia. Wa kulia andika uliyoyaona mwenyewe, siku ile ile. Usihamishe kitu kutoka kushoto kwenda kulia, hata kikikujia usingizini kikiwa na rangi na harufu. Na ninyi mnaouguza, msimtajie mgonjwa wale tu wanaostahili kutajwa. Ukurasa wangu wa kushoto umejaa. Wa kulia kwa miezi mingi ulikuwa na mambo ya kuku na mvua.

Masika ilipita. Mahindi yalikauka tena, kliniki zikawa za miezi mitatu mitatu. Siku moja kiangazi, Wilondja akiwa ameenda kutafuta nyasi, nilikuwa nakanyaga udongo peke yangu. Nilisikia bidoni, dumu la maji, ikiwekwa chini nyuma yangu. Sikugeuka haraka. Apolina alikuwa amefunga kanga kiunoni, na hakunisalimia. Alichota maji kwa kopo akaanza kuulowesha ukuta wa zamani, kuanzia juu, taratibu, ukabadilika rangi. Mimi nikafuata na udongo. Yeye alipaka kule nisikofika kwa mkono wangu mbovu.

Tulifanya kazi mpaka ukuta wote wa mbele ukaisha. Hatukuongea habari za hospitali. Nilipompa chakula alisema ana nguo za watu zinamngoja. Alinawa, akanyoosha vidole vilivyopasuka kwa sabuni, akatazama miguu yangu yenye matope.

"Nyayo zimepona," akasema.

Akaondoka kabla jua halijainama. Nilimsindikiza kwa macho mpaka barabarani, na sikujua kama atarudi tena. Sijui hata leo.

Wilondja aliporudi na nyasi kichwani aliukuta ukuta ungali unang'aa. Akauliza nani amenisaidia kule juu. Nilimwambia atanisamehe, nitamweleza kesho. Sikutaka neno la mtu yeyote liingie kwenye kumbukumbu hiyo kabla haijakauka, hata langu. Nilichukua daftari, nikakaa mlangoni, nikafungua ukurasa wa kulia, nikaandika: Apolina alikuja.